Dang'a Haiuzwi: Fundisho Kutoka kwa Wafugaji wa Ayala



Katika skimu zetu, tangu Kinangop na Ol Kalou mpaka Lugari na Sotik, mkebe wa maziwa ndio unaolipa karo, ndio unaolipa deni, ndio unaonunua sukari na mafuta ya taa. Hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu mkulima kwa kupeleka maziwa mengi kituoni. Lakini yako maziwa ambayo yakiingia mkebeni huleta hasara, nayo ni yale yaliyotolewa kinywani mwa ndama. Maoni yangu nayasema wazi: mkulima anayemnyima ndama haki yake anauza ng'ombe wake wa kesho, tena anamwuza kikombe kwa kikombe.

Neno hili si jipya. Mabwana mifugo wamelisema tangu zamani zile skimu za kwanza zilipoanza miaka ya 1960, wakulima walipopewa mashamba na mikopo ya kununua ng'ombe wa gredi. Basi kwa nini mpaka leo twaona ndama wenye tumbo kubwa na mbavu za kuhesabika, wamefungwa nyuma ya jiko, na huku mama yao anakamwa lita kumi kwa siku? Nadhani sababu ni hii. Maziwa ya ng'ombe yana wateja wawili, ndama na kituo. Kituo hulipa kila mwisho wa mwezi, lakini ndama hulipa baada ya miaka miwili. Mteja anayechelewa kulipa husahauliwa.

Kwa hiyo leo nataka tujifunze kwa wafugaji ambao maziwa ya mifugo yao yana mteja mmoja tu, yaani mtoto anayenyonya. Hao ni wafugaji wa ayala.

AYALA NI MNYAMA GANI?

Wasomaji wa Biblia wamekutana na jina la ayala katika Zaburi. Kwa umbo anafanana na swala au kulungu wetu, lakini si ndugu yao wa karibu. Pembe za swala na kulungu hazianguki maisha yao yote. Ayala dume huota pembe zenye matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Ayala wekundu, ambao ndio wanaofugwa sana, majike yao hawana pembe. Hapa Kenya hatuna ayala wa asili. Katika Afrika nzima wako kaskazini tu, upande wa Algeria na Tunisia.

New Zealand nako hakukuwa na ayala. Waingereza waliwapeleka huko katika karne ya 19 ili wawawinde kwa starehe. Kwa kuwa nchi ile haina simba wala chui wala fisi, ayala walizaana mpaka wakawa adui wa misitu, na katika miaka ya 1930 serikali ikaajiri wawindaji wa kuwapunguza. Baadaye ilionekana kwamba nyama yake inatakiwa sana Ulaya. Sheria ikabadilishwa, na leseni ya kwanza ya kufuga ayala ikatolewa mwaka 1970. Wengi wa mifugo ya kwanza walikamatwa milimani kwa msaada wa helikopta, wakatiwa katika mashamba yenye ua mrefu wa waya. Wakati huo huo wataalamu wa Scotland nao walianzisha shamba la majaribio ya ayala mahali paitwapo Glensaugh.

Mfugaji wa ayala huuza nyama, na pembe changa ambazo hununuliwa na watu wa Asia kwa dawa. Katika miaka ya 2010 kampuni ya mashamba ya serikali ya New Zealand, iitwayo Pāmu, ilianza pia kuuza maziwa ya ayala, lakini hiyo ilikuwa biashara ndogo. Katika mashamba mengi hata tone moja halifiki sokoni. Yote hunywewa na mtoto. Mfugaji hayaoni maziwa katika ndoo, huyaona siku mtoto anapopandishwa kwenye mizani. Ndiyo maana watu hawa wamelazimika kuchunguza kwa makini mambo ambayo sisi, tuliozoea kuyapima maziwa kwa lita, twayapita mbio.

MAZIWA MACHACHE, NGUVU NYINGI

Ayala jike ana uzito wa kilo 100 hivi. Hubeba mimba kwa muda wa siku 233 au karibu na hapo, akazaa mtoto mmoja mwenye kilo 8 hadi 10. Maziwa yake ni kama lita mbili tu kwa siku. Najua mwenye Friesian atacheka, lakini asiharakishe kucheka. Maziwa ya Friesian yana mafuta asilimia 3.5 hadi 4, na protini imezidi asilimia 3 kidogo. Maziwa ya ayala yana mafuta asilimia 8 au zaidi, na protini kama asilimia 7. Basi lita moja ya ayala hulisha kama lita mbili za ng'ombe.

Mtoto wa ayala huyahitaji kwa sababu muda wake ni mfupi. Huko New Zealand huzaliwa mwezi wa Novemba au Desemba, na baridi kali itakapoingia katikati ya mwaka yapasa awe na mwili wa kuishinda. Malisho yakiwa mazuri, huongeza kama gramu 400 kila siku. Afikapo miezi mitatu ana kilo 40 hadi 50. Alizaliwa na kilo 9, naye amekuwa na 45. Hiyo ni mara tano, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na kiwele cha mama yake.

Sasa mtazame ndama wako wa miezi mitatu. Alizaliwa na kilo 35. Amefika ngapi? Hatumtaki akue kama ayala, maana kila mnyama ana kipimo chake. Lakini ndama wa gredi wa umri huo yafaa awe amezidisha uzito wake wa kuzaliwa mara mbili na zaidi. Kama hajafika hapo, usitafute mganga. Tafuta maziwa yake yalikokwenda.

SIKU YA KWANZA HAIRUDI

Ayala jike akikaribia kuzaa huwaacha wenzake akatafuta mahali pa faragha. Akisha kuzaa humlamba mtoto mpaka akauka, hula zalio, na mtoto husimama akanyonya mapema. Kisha mama humlaza katika nyasi ndefu akaenda kula mbali kidogo, akarudi mara kadhaa kwa siku kumnyonyesha. Mtoto hulala kimya, wala hatoi harufu kubwa, kwa sababu mama humsafisha kwa ulimi.

Wafugaji walipoanza kuwazungushia ayala ua wa waya, waliona shida. Mahali palipojaa majike wengi, pasipo nyasi ndefu wala vichaka, mama alikosa faragha yake. Aliranda kando ya waya usiku na mchana. Watoto walisumbuliwa na majike wengine, na baadhi yao walipenya uani wakapotea. Basi wafugaji wakajifunza kuweka majike wachache katika kiwanja kikubwa, kuziacha nyasi ziwe ndefu, na kutopitapita humo wakati wa kuzaa. Kwa mnyama huyu, kazi bora ya mfugaji siku ile ni kukaa mbali.

Kwa nini saa hizo za kwanza zina thamani hivyo? Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na sehemu ya kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Mtoto wa ayala hazaliwi nayo, wala wa ng'ombe, wala wa mbuzi, wala wa kondoo. Kinga yake imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya rangi ya manjano yatokayo kwanza, na utumbo wake una uwezo wa kuipitisha kinga hiyo iingie katika damu kwa muda wa saa chache tu. Kila saa ipitayo mlango huzidi kufungwa, na baada ya saa 24 umefungwa kabisa. Ndama aliyekosa dang'a siku hiyo, hata ukimpa ndoo nzima keshokutwa, atapata chakula lakini ile kinga ya damu hataipata tena.

Basi ndama wa gredi apewe dang'a ndani ya saa mbili za kwanza, na kama haiwezekani, isipite saa ya sita. Kiasi chake katika saa hizo ni kama sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani lita tatu na nusu hadi nne kwa ndama wa Friesian. Aendelee kupewa dang'a kwa siku tatu. Wako watu wanaongoja zalio lianguke kwanza ndipo wamruhusu ndama kunyonya. Hiyo ni desturi ya hatari, maana zalio laweza kukawia, na mlango wa utumbo haungojei. Akizaliwa usiku, amka usiku. Akiwa mnyonge asiweze kusimama, mkamue mama na umpe kwa chupa safi, polepole, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo tu ili asipaliwe. Kitovu chake kitiwe dawa ya aidini.

Ndama dume naye asinyimwe. Wakulima wengi husema, "Huyu ni dume, nitamwuza wiki hii, kwa nini nimpotezee?" Lakini ndama dume anayehara hueneza kuhara kwa jike aliyelala karibu naye. Mpe dang'a yake, kisha mwuze akiwa mzima. Na dang'a isipelekwe kituoni kamwe. Ikichanganywa na maziwa ya watu wengine huyaharibu yanapochemshwa, na chama cha ushirika kitakuwa na haki ya kukurudishia mkebe wako.

MAMA MWENYE NJAA HANA CHA KUGAWA

Mwaka 1983 wataalamu watatu huko Uingereza, Loudon, McNeilly na Milne, walitangaza jambo kuhusu ayala ambalo kila mwenye ng'ombe apaswa kulijua. Waliwatazama majike wenye watoto katika malisho ya namna mbili. Wengine walikula nyasi duni za mlimani, na wengine walikula malisho yaliyopandwa na kutunzwa. Majike wa malisho mazuri walitoa maziwa mengi. Watoto wao walishiba upesi, wakanyonya mara chache. Majike wa mlimani walikuwa na maziwa machache, na watoto wao, kwa kuwa hawakushiba, walirudi kwenye chuchu mara nyingi zaidi. Huko kunyonywa mara kwa mara kukauchelewesha mwili wa mama usirudi kutaka dume. Majike wa mlimani wakachelewa kushika mimba.

Tafadhali, msomaji, lisome jambo hilo mara mbili. Chakula kibaya kilileta maziwa machache. Maziwa machache yalileta mtoto asiyeshiba. Mtoto asiyeshiba alimchelewesha mama kupata mimba nyingine. Mfugaji aliyebana chakula cha mama alipoteza mara tatu.

Katika kisiwa cha Rum, upande wa magharibi wa Scotland, ayala wa mwitu wamechunguzwa kwa miaka mingi sana, kila mnyama akijulikana peke yake. Huko imeonekana kwamba watoto madume hunyonya zaidi kuliko majike, na mama aliyelea dume ana hatari zaidi ya kukosa kuzaa mwaka unaofuata. Maziwa si maji ya mtoni. Hutoka katika mwili wa mama, na mwili usiporudishiwa kilichotoka hufunga mlango.

Katika skimu zetu, ng'ombe akikaa miezi mitano bila kutaka dume, mkulima humlaumu dume, au humlaumu yule anayekuja kumpandisha kwa mbegu, au humshuku jirani. Kwanza na atazame hori. Je, kuna nini ndani yake? Mara nyingi utakuta mabua makavu ya mahindi, au nepia iliyokomaa mpaka imekuwa kama fimbo.

Wafugaji wa ayala wa New Zealand walikuwa na shida kama hiyo. Mama alihitaji chakula bora wakati wa kiangazi, wakati ambapo nyasi zilikuwa zinakomaa na kukauka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Massey wakajaribu kuwalisha majike katika shamba la klova nyekundu, ambalo ni jani la jamii ya kunde, na mwaka 1993 wakaeleza kwamba watoto wa majike hao walikua upesi kuliko wale wa nyasi za kawaida. Hakuna aliyewapa watoto wale dawa. Mama alikula vizuri, na mtoto akakua.

Sisi tuna majani ya namna hiyo, wala hayahitaji kuletwa kwa meli. Tuna lusina. Tuna desmodiamu, ambayo yaweza kupandwa katikati ya mistari ya nepia. Tuna majani ya viazi vitamu, ambayo ndama pia huyapenda. Nepia ikatwe ingali laini, ikiwa na kimo cha mita moja hivi. Mama apewe chumvi ya madini ya kulamba, na maji yasikauke katika birika, kwa maana katika kila lita kumi za maziwa, karibu lita tisa ni maji. Ng'ombe anayekunywa mara moja kwa siku mtoni hawezi kukupa maziwa ya kuuza na ya ndama.

HESABU YA MKEBE

Wengine watasema kwamba mambo haya ni ya wenye mashamba makubwa. Basi tufanye hesabu ya shamba dogo. Tuseme kituo chalipa shilingi 50 kwa lita. Ndama apewe lita nne na nusu kwa siku mpaka atimize wiki nane, halafu apunguziwe polepole mpaka wiki ya 12. Jumla yake ni kama lita 320, yaani shilingi 16,000.

Mkulima wa pili ni mtu wa kubana. Humpa ndama lita mbili tu kwa siku kwa wiki zizo hizo 12. Ametumia lita 168, na ameuza zaidi ya jirani yake lita 152. Amepata shilingi 7,600. Anajiona mwerevu.

Sasa ngoja miaka miwili ipite. Mtamba wa mkulima wa kwanza, kama aliendelea kutunzwa, alikuwa tayari kupandishwa kati ya miezi 15 na 18, naye amezaa akiwa na miaka miwili au amepita kidogo. Mtamba wa mkulima wa pili bado ni mdogo kama mbuzi mkubwa. Tuseme anachelewa mwaka mmoja tu. Hata kama angetoa lita sita kwa siku, kwa siku 300, hizo ni lita 1,800, yaani shilingi 90,000 ambazo hazikuingia nyumbani. Toa gharama ya chakula, bado ni fedha nyingi. Tena mwaka huo wote mtamba huyo amekula nyasi, ameogeshwa dawa ya kupe, na hakulipa hata senti. Amebana shilingi 7,600 akapoteza makumi ya maelfu. Na hapo tumesema kwamba ndama aliishi. Wengi wa ndama wa namna hiyo hawaishi.

WASEMAO "SINA NAFASI"

Nazijua shida za wakulima. Karo haingoji ndama akue. Mwenye duka hangoji. Wala sisemi kwamba mkulima awaache watoto wake wafukuzwe shuleni ili ndama ashibe. Nasema kwamba ndama ahesabiwe kuwa deni la kwanza la mkebe, na fedha zipangwe baada ya lita zake kutolewa. Chama cha ushirika kinapokata deni la chakula cha ng'ombe, hukata kabla ya kukupa fedha mkononi, nawe huzoea. Ndama naye akatiwe kabla.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Katika nyumba nyingi bwana ndiye anayepokea malipo ya maziwa ya asubuhi, na mama ndiye anayekama, anayebeba mkebe, na anayemlisha ndama. Mama anajua ndama hajashiba, lakini haulizwi. Akitaka kumwongezea ndama, humtolea katika maziwa ya jioni, ambayo ndiyo riziki yake na ya watoto. Hapo ndama na watoto wa nyumbani wanagombanishwa kwa kikombe kimoja. Mabwana, hilo si sawa. Lita za ndama zitoke katika maziwa yote, asubuhi na jioni, na wote wawili wakae wakubaliane idadi yake. Iandikwe mlangoni kwa chokaa ikiwa hapana budi.

Wako pia waulizao kama ni lazima ndama anyonye, au anyweshwe kwa ndoo. Mimi sina ugomvi na ndoo. Ayala hufundisha jambo moja hapa: mtoto wake hunyonya kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Ndama mchanga anayepewa lita nyingi mara moja, tena za baridi, huvimba na kuhara. Kwa hiyo katika wiki za kwanza mgawanyie mara tatu, maziwa yawe na joto la mwili, na ndoo ioshwe kwa maji ya moto kila mara. Ukitumia maziwa ya unga ya ndama, pima maji kama ilivyoandikwa kwenye mfuko. Kuongeza maji ili unga usiishe ni kumdanganya ndama, na mizani haidanganyiki.

KUACHISHA

Wafugaji wa New Zealand huogopa sana wiki za kuwaachisha watoto wa ayala. Wengi huwatenga watoto wakiwa na miezi mitatu hivi, kabla ya msimu wa kupandana, ili mama apate nguvu ya kushika mimba mapema. Lakini mtoto aliyetengwa na mama yake siku moja, akakutana na mvua, baridi na malisho mabaya, hushikwa na ugonjwa wa matumbo uletwao na vijidudu viitwavyo yersinia, akafa kwa muda mfupi. Huko wana chanjo ya ugonjwa huo. Hata hivyo mfugaji mwangalifu hategemea chanjo peke yake. Huwawekea watoto malisho yao bora mapema, na huwaachia hapo wasisumbuliwe.

Ndama wetu huugua magonjwa mengine, lakini kanuni ni ile ile. Usimwachishe kwa sababu ametimiza miezi mitatu katika kalenda. Mwachishe akiwa anakula vizuri, kama kilo moja ya chakula cha ndama cha dukani kwa siku pamoja na majani makavu mazuri. Anza kumwonjesha chakula hicho na maji safi tangu wiki ya pili. Punguza maziwa polepole. Usimhamishe banda, usimkate pembe na usimwachishe maziwa katika wiki moja. Taabu moja humtosha mtoto kwa wakati mmoja.

ONYO JUU YA WANYAMA WA PORI

Natumaini hakuna atakayesoma makala hii akaamka kesho kwenda kutafuta mnyama wa kufuga msituni. Wanyama wetu wa pori wanalindwa na sheria ya mwaka 2013, na kuwafuga bila kibali ni kosa. Zaidi ya hayo, wakulima wanaokaa karibu na misitu huweza kukuta mtoto wa kulungu amelala peke yake katika nyasi, wakadhani ametupwa. Hakutupwa. Mama yake amemficha kama ayala anavyomficha wake, naye yuko karibu, anangoja wewe uondoke. Mwache hapo, uwaite mbwa wako na watoto, mwondoke. Ukiona mama amekufa, mpashe habari askari wa wanyama wa pori.

Tena wafugaji wa ayala wamejua kwamba dume aliyelelewa kwa chupa na mtu hukua bila kuwaogopa watu, na msimu wa kupandana ukifika huweza kumshambulia mlezi wake kana kwamba ni dume mwenzake. Wenye fahali nao wajihadhari. Ndama dume anayefundishwa na watoto kupigana vichwa kwa mchezo, baada ya miaka miwili hachezi.

KAZI YA MWEZI HUU

Wafugaji wa ayala hawatuzidi akili. Wametuzidi jambo moja tu, kwamba hawana mkebe wa kuwapotosha macho. Kila mwaka wanaulizwa swali moja na mizani: mtoto amekuaje? Sisi nasi tujiulize swali hilo kila wiki. Asiye na mizani anunue utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe, au atumie kamba yenye mafundo, aone kama fundo linasogea.

Basi kabla ya mwezi huu kwisha, kila mwenye ng'ombe wa mimba afanye mambo manne. Atayarishe mahali pakavu pa kuzalia, penye majani safi na mbali na makelele. Aweke chupa safi na aidini mahali panapojulikana na watu wote wa nyumbani. Apande mistari michache ya desmodiamu au viazi vitamu. Na bwana na mama wakae wakubaliane lita za ndama, kabla ng'ombe hajazaa, kabla ya mwenye duka kuja na daftari lake.

Mwenye swali na amwulize afisa mifugo wa wadi yake, au alilete katika mkutano wa chama cha ushirika. Ndama hawezi kuja mkutanoni kujisemea. Na asemewe na yule atakayekula jasho lake.